Hakuzimia: Swali Lisilomsaidia Mtoto Aliyeanguka Farasini

Miongoni mwa maswali ambayo madaktari wa michezo huulizwa na wazazi wanaosafiri na watoto wao kwenda kwenye mashindano ya farasi, hakuna linalorudiwa mara nyingi, wala linalochosha, kama lile la iwapo mtoto aliyeanguka lakini hakuzimia anaweza kupanda tena siku hiyo hiyo. Swali hilo huja likiwa limekwisha kujijibu, kwa kuwa neno "hakuzimia" halitajwi ndani yake kama dalili moja kati ya nyingi, bali hutajwa kama hukumu, mithili ya cheti cha afya kilichokwisha kupigwa mhuri, na kinachotakiwa kwa daktari ni saini tu. Daktari anayekataa kutia saini huonekana mwoga, au mtu asiyeujua mchezo, au yote mawili. Hata hivyo kuzimia au kutozimia hakuelezi mengi kuhusu hali ya ubongo wa mtoto huyo, na mzazi aliyeanza uchunguzi wake hapo ameuanza mahali pabaya.

Mchezo unaozungumziwa hapa ni iventi, yaani shindano la hatua tatu ambalo mpandaji mmoja na farasi mmoja hulikamilisha kwa siku moja au kwa siku kadhaa: dresaji, ambayo ni mfululizo wa miondoko ya utii inayopewa alama na waamuzi, krosi-kantri, ambayo ni mbio za mashambani na misituni kwa kuruka viunzi vya magogo, mitaro na madimbwi, na kuruka viunzi vyepesi uwanjani, hatua ambayo kwenye mashindano ya siku moja mara nyingi huitangulia krosi-kantri. Mzazi katika mchezo huu si mtazamaji. Yeye ndiye dereva wa lori la farasi, mchota maji, mshika hatamu, mtunza soksi kavu na, kwa kawaida, mlipaji wa kila kitu, na kwa sababu hiyo mtoto anapoanguka mita 300 kutoka kwenye kamba ya watazamaji, yeye ndiye anayefika akihema na kuuliza la kwanza linalomjia mdomoni, ambalo ni lile lile la kuzimia.

Ukubwa wa jambo lenyewe unaweza kukadiriwa bila vifaa vya maabara. Kichwa cha mpandaji aliyeketi kwenye tandiko huwa mita mbili na nusu hivi kutoka ardhini, na kitu chochote kinachoanguka kutoka kimo hicho hufika chini kikiwa na kasi ya takriban kilomita 25 kwa saa, hata kama farasi amesimama tuli. Farasi wa krosi-kantri hasimami tuli: katika ngazi za chini hutakiwa kwenda karibu mita 450 kwa dakika, ambazo ni kilomita 27 kwa saa, na katika ngazi ya juu kabisa mita 570, ambazo ni kilomita 34. Kasi hizi mbili, ya kuanguka na ya kwenda mbele, ndizo mtoto anazobeba anapoiaga hatamu, na ndizo zinazotakiwa kufifia katika sehemu ndogo ya sekunde bega na kichwa vinapogusa nyasi.

Kinachotokea wakati huo ndani ya fuvu ndicho kinachoitwa mtikisiko wa ubongo. Ubongo, ambao ni laini na umezungukwa na majimaji, haugongwi tu kama mpira unavyogonga ukuta, bali huzungushwa na kusokotwa, na nyuzi ndefu za chembe za neva huvutwa kupita kiasi. Nyuzi zilizovutwa hupoteza udhibiti wa chumvichumvi zake, potasiamu ikitoka na kalisiamu ikiingia, na chembe hulazimika kutumia nishati nyingi kurudisha mpangilio huo wakati ule ule ambao mtiririko wa damu unaoleta nishati umepungua. Ni hitilafu ya utendaji zaidi kuliko ya umbo, na ndiyo maana kipimo cha CT, ambacho hupiga picha ya umbo la ubongo na kuonyesha damu iliyovuja au fuvu lililopasuka, mara nyingi humrudisha mtoto mwenye mtikisiko akiwa na picha safi kabisa. Wazazi huipokea picha hiyo safi kama ushahidi wa pili wa kutetea ule wa kwanza. Picha imethibitisha kwamba hakuna damu iliyoonekana, jambo ambalo ni jema, lakini haikuulizwa kama ubongo unafanya kazi sawasawa, na haina uwezo wa kujibu swali hilo.

Kuzimia kunahitaji kitu cha ziada. Fahamu za binadamu huwashwa na kudumishwa na mtandao wa chembe za neva uliomo katika shina la ubongo, sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, na mtu hupoteza fahamu pale mtandao huo unapovurugwa au pale pande zote mbili za ubongo wa juu zinaposhindwa kwa pamoja. Sehemu nyingine zinazosimamia kumbukumbu, mizani ya mwili, macho, hasira, usingizi na kasi ya kuamua zinaweza kuvurugwa vibaya huku mtandao huo ukibaki umewaka, na mtoto akabaki amesimama, akizungumza, akijipangusa matope na kuuliza farasi wake yuko wapi. Katika mitikisiko ya ubongo inayopatikana michezoni, inayoambatana na kupoteza fahamu ni chini ya mmoja kati ya kumi. Mzazi anayetumia kuzimia kama kipimo anatumia wavu unaopitisha samaki tisa kati ya kumi, kisha anasema bahari haina samaki.

Ipo sababu ya kihistoria inayowafanya watu wa mchezo huu kuwa wagumu kuliko wengine katika kulielewa jambo hili, nayo ni kwamba iventi ilizaliwa jeshini. Ilianza kama jaribio la farasi wa wapiganaji na maofisa wao, ikaingia katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, na kwa miongo kadhaa ikabaki kuwa mchezo wa wanajeshi, ambao kwao aliyeanguka alitakiwa kurudi kwenye tandiko kabla hajaulizwa kitu. Masimulizi makuu ya mchezo huu yamejengwa juu ya amri hiyo. Katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, Mjerumani Konrad von Wangenheim alianguka katika krosi-kantri akavunjika mtulinga, akapanda tena, na kesho yake akaruka viunzi uwanjani licha ya jeraha hilo, na timu yake ikapata dhahabu. Huko Roma mwaka 1960, Mwaustralia Bill Roycroft aliondoka kitandani hospitalini baada ya kuanguka vibaya ili timu yake isipungukiwe, nayo ikapata dhahabu. Huko Tokyo mwaka 1964, Mmarekani Lana du Pont, mwanamke wa kwanza kushindana katika iventi ya Olimpiki, alianguka, akapanda tena, akamaliza, na timu ikapata fedha.

Masimulizi haya ni ya kweli na wahusika wake walikuwa hodari, lakini kama ushauri wa kitabibu hayana thamani yoyote, kwa sababu yamechujwa na matokeo. Anayepanda tena akiwa ameumia na akamaliza salama huingia vitabuni. Anayepanda tena akiwa ameumia, akachelewa kidogo kuamua mbele ya kiunzi kinachofuata, akaanguka mara ya pili, huingia katika ripoti ya ajali ambayo hakuna anayeisimulia kwenye karamu ya kufunga msimu. Tena mashujaa hao walikuwa watu wazima, na mtulinga si ubongo. Mfupa uliovunjika huuma, na maumivu humwambia mwenyewe kwamba ameumia, ilhali ubongo uliotikisika ndicho kiungo pekee ambacho, kikiharibika, huharibu pia uwezo wa kutambua kwamba kimeharibika. Kumuuliza mtoto wa miaka kumi na mitatu, ambaye amefanya mazoezi miezi minne kwa ajili ya siku hiyo, kama anajisikia vizuri, ni kumuuliza shahidi mwenye masilahi ambaye pia hajiwezi.

Mchezo wenyewe umekwisha kuachana na mila hiyo, jambo ambalo huwashangaza wazazi wanaodhani wanaitetea. Baada ya wapandaji watano kufariki katika iventi nchini Uingereza katika msimu mmoja wa mwaka 1999, tume iliyoongozwa na Lord Hartington ilitoa ripoti mwaka 2000, ikielekeza juhudi zote kwenye kuzuia aina moja ya ajali, ile ambayo miguu ya mbele ya farasi hugonga kiunzi kisichotikisika na mnyama akapinduka juu ya mpandaji wake. Tangu hapo viunzi vingi vimefungwa kwa pini zinazokatika vikigongwa kwa nguvu, na kwa kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, mpandaji anayeanguka katika krosi-kantri ameondolewa shindanoni papo hapo, bila mjadala kuhusu kama alizimia. Kilichobaki ni mianya ambayo kanuni hiyo haifiki: uwanja wa kupashia misuli moto kabla ya kuingia, farasi wa pili anayesubiri lorini, somo la Jumatatu jioni nyumbani. Hiyo ndiyo mianya ambayo mzazi huipitia na swali lake.

Hoja inayotolewa kutetea kupanda tena haraka ni kwamba mtoto asipopanda ataingiwa na woga usiotoka. Hoja hii ingestahili heshima zaidi kama ingekuwa inatolewa kwa mtoto aliyechunguzwa na kuonekana hana kitu, kwa maana kwa mtoto wa namna hiyo hakuna daktari anayekataza. Inapotolewa kwa mtoto ambaye kichwa chake kimepigwa, inalinganisha vitu viwili visivyolingana, kwani woga hutibika kwa masomo machache juu ya poni mtulivu, ilhali ubongo wa kijana unaopigwa mara ya pili kabla haujapona unaweza, mara chache lakini kwa hakika iliyoandikwa katika vitabu vya tiba, kuvimba ghafla na kuua. Hata bila kufika huko, mtikisiko hupunguza kasi ya mwili kuitikia na huvuruga mizani, na mpandaji asiye na mizani wala wepesi wa kuamua amekwisha kuandaliwa kuanguka tena.

Kofia ngumu nayo huingizwa katika utetezi huu, hasa ikiwa ilinunuliwa kwa bei ya kuumiza. Kofia ya kupandia farasi ni kifaa cha lazima, na imeokoa mafuvu mengi; povu gumu lililo ndani yake husagika linapogonga ardhi na kuuchukua mshindo ambao ungepasua mfupa. Kazi hiyo ndiyo iliyopimwa maabara kabla ya kofia kuruhusiwa sokoni. Kuzunguka kwa ubongo ndani ya fuvu lisilopasuka ni jambo jingine, ambalo kofia hulipunguza kwa kiasi fulani, na zile zenye tabaka la ndani linaloteleza zimetengenezwa kwa kusudi hilo, lakini hakuna inayolizuia. Kizibao kigumu cha kifua na kile cha hewa kinachojaa mpandaji anapotenganishwa na tandiko havihusiki na ubongo hata kidogo. Povu likishasagika halirudi lilivyokuwa, kwa hiyo kofia iliyopokea pigo ni ya kutupwa, hata ikiwa nje yake bado inang'aa kama siku ya kununuliwa.

Baada ya swali la kuzimia hufuata mtihani wa pembeni mwa uwanja, ambao ungechekesha kama usingeaminiwa na watu wengi kiasi hicho. Mtoto huulizwa jina lake, huonyeshwa vidole na kutakiwa avihesabu, na akijibu "viwili" watu wazima hutazamana kwa faraja. Jina la mtu ni miongoni mwa vitu vya mwisho kabisa kupotea katika kumbukumbu, na mtoto anayelisahau jina lake hahitaji mtihani bali ambulensi. Tangu miaka ya 1990, kutokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Australia David Maddocks miongoni mwa wachezaji wa kandanda ya nchi hiyo, inajulikana kwamba maswali yanayofichua mtikisiko ni yale ya mambo ya karibuni: huu ni uwanja gani, sasa ni kipindi gani, nani alifunga bao la mwisho. Kwa mpandaji wa iventi maswali hayo hutafsirika bila shida, yaani leo amempanda farasi yupi, ni kiunzi gani alichokiruka mwisho kabla ya kuanguka, alama zake za dresaji zilikuwa ngapi, alikuja uwanjani kwa barabara ipi. Jibu moja lisilo sahihi, au ukimya mrefu usio wa kawaida yake, unatosha kumaliza siku. Majibu yote kuwa sahihi hakutoshi kuiendeleza, maana dalili nyingine huchukua saa kadhaa kujitokeza, na hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa na daktari, kwa kuwa wanataka kipimo chenye majibu mawili na wanapewa chenye jibu moja.

Dawa za wasaidizi nazo zina sura yake. Kwanza ni kumzuia mtoto asilale, desturi ambayo imewakeshesha wazazi wengi bila faida yoyote. Mtoto aliyekwisha kuchunguzwa na asiye na dalili za hatari anahitaji usingizi kama anavyohitaji maji, na kinachotakiwa ni mtu mzima wa kumtazama, si wa kumpigia kelele. Pili ni chai yenye sukari nyingi au soda, ambayo haidhuru sana isipokuwa kwamba mtoto akitapika baadaye kila mtu huilaumu soda. Tatu ni vidonge vya arnika, ambavyo havikosekani katika mkoba wa mama yeyote wa mashindano ya farasi huko Ulaya, na ambavyo kwa kipimo cha kawaida cha homeopathia kinachoandikwa 30C vimetengenezwa kwa kuzimua dawa mara mia, kisha mara mia tena, hadi mara thelathini, mpaka haibaki hata chembe moja ya mmea huo ndani ya kidonge. Mtoto anayepewa arnika amepewa sukari, kwa bei kubwa kuliko ile ya chai. Nne, na hii ndiyo pekee inayostahili kupigiwa kelele, ni kumkanda au kumnyoosha shingo. Nguvu iliyotosha kuutikisa ubongo inaweza kuwa imeiumiza shingo pia, na mtu anayeigeuza shingo ya mtoto aliyeanguka ili "kuirudisha" anacheza na uti wa mgongo. Kosa hili halina uraia. Hutendwa viwanjani Uingereza, na hutendwa pia na wasamaria wema wanaomwinua abiria wa bodaboda kutoka lamini huku Afrika Mashariki.

Kosa la tano linatoka kwa wazazi waliosoma, ila waliosoma zamani, nalo ni kumfungia mtoto katika chumba chenye giza kwa wiki nzima. Ushauri huo uliwahi kutolewa na madaktari wenyewe na sasa umefutwa. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu uliofanyika Amsterdam mwaka 2022, ambao makubaliano yake yalichapishwa mwaka uliofuata, unashauri mapumziko ya wastani ya saa 24 hadi 48 tu, kupunguza simu na televisheni katika kipindi hicho, kisha matembezi na mazoezi mepesi yasiyo na hatari ya kuanguka, kwa kuwa mwendo mwepesi husaidia ubongo kupona.

Upo upande wa pili wa swali la kuzimia ambao wanaolipenda hawaufikirii. Aina mojawapo ya jeraha la kichwa linaloua haraka kuliko yote, damu inayovujia kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo, inajulikana kwa kumpa majeruhi kipindi cha kuwa timamu, ambacho ndani yake huzungumza, hucheka na kukataa msaada, kabla damu haijajaa na kuubana ubongo. Mwigizaji Natasha Richardson, aliyeanguka alipokuwa akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Quebec, Kanada, mwezi Machi mwaka 2009, alikataa huduma ya kwanza kwa kuwa alijiona mzima. Baada ya muda mfupi alianza kuumwa kichwa, na siku mbili baadaye akafariki. Kwa jeraha la namna hiyo, kauli ya "hakuzimia" ni sahihi kabisa kwa saa ya kwanza.

Yanayobaki ni ya kutenda, na si mengi. Kabla ya safari, mzazi ajue hospitali yenye kipimo cha CT iliyo karibu na uwanja na barabara ya kuifikia, jambo ambalo ni jepesi kwa anayekwenda Jamhuri Park jijini Nairobi na gumu kwa anayerudi Timau, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, usiku, na farasi nyuma. Kadi ya afya ambayo mpandaji huivaa mkononi katika krosi-kantri ijazwe ukweli, ikiwa pamoja na mitikisiko ya zamani, hata kama ukweli huo utaleta maswali. Mtoto akianguka, farasi aachiwe wenye kazi ya kumkamata. Inashangaza ni wazazi wangapi hukimbilia mnyama. Mtoto asiinuliwe wala kuvuliwa kofia na asiyefunzwa, na kama analalamikia shingo, au viungo vina ganzi, asisogezwe kabisa. Aonwe na mhudumu wa afya wa uwanjani hata akisema hataki. Akishukiwa tu kuwa na mtikisiko, hapandi tena siku hiyo, hata farasi mwingine, hata kwa matembezi ya kurudi lorini. Apewe parasetamoli akiumwa kichwa. Aspirini na ibuprofeni ziachwe katika siku mbili za kwanza, zisije zikaongeza uvujaji wa damu. Arudi shuleni kwanza, hatua kwa hatua, ndipo arudi farasini, na kwa idhini ya daktari. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa unataka siku 14 bila dalili kabla ya mazoezi yenye hatari ya kugonga kichwa, na hauruhusu mashindano kabla ya siku ya 21. Watoto wengi hupona ndani ya wiki nne, wakichukua muda mrefu kidogo kuliko watu wazima, na mtoto ambaye wiki nne zimempita akiwa bado anaumwa kichwa au anasahau anahitaji mtaalamu, wala si kuvumiliwa.

Kazi ya mzazi katika haya yote ni ya shahidi, ambayo ni kubwa kuliko ya hakimu anayoitamani, kwa kuwa daktari wa uwanjani hamjui mtoto huyo na hawezi kusema kama ukimya wake ni wa kawaida au kama hasira yake ni ngeni. Aandike saa ya kuanguka, namna kichwa kilivyogusa ardhi, aliyoyasema mtoto katika dakika za kwanza na aliyoyarudia, kisha alichukue karatasi hilo hilo popote watakapokwenda.

Wakati wa kurudi nyumbani mtoto aketi mbele, kando ya mtu mzima asiyeendesha, asiachwe peke yake kwenye kijumba cha nyuma cha lori akilala. Maumivu ya kichwa yakizidi badala ya kupungua, akitapika zaidi ya mara moja, akipata degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, majimaji yakitoka puani au sikioni, au akiwa mgumu kuamshwa, safari ya nyumbani imekwisha na ya hospitali imeanza, na farasi atasubiri ndani ya lori.